RAV4 yangu ilikwama Goba, fundi anataka kutoa propela. Nimkubalie?

Mayai_Kinzudi

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa wanaoyajua magari kwa undani. Jumamosi natakiwa nirudi kwa fundi na sitaki nifanye jambo ambalo baadaye litanigharimu kulirudisha.

Nina RAV4 ya 2003, milango mitano, cc 2000, otomatiki, nyuma imeandikwa 4WD, yaani matairi yote manne yanavuta. Nafuga kuku wa mayai Goba Kinzudi, na mara tatu kwa wiki nashusha mzigo Sinza na Kariakoo. Nalaza viti vya nyuma, napanga trei 60, wakati mwingine 80. Gari hii ndiyo ofisi yangu, ikilala siku moja mayai yanabaki ndani na wateja wanahamia kwa mwingine.

Alhamisi mvua ilinyesha usiku kucha. Nikatoka saa kumi na moja alfajiri. Kwenye kile kipande chetu cha kupandia barabara kubwa maji yamechimba mtaro upande wa kushoto, na udongo mwekundu ukilowa unateleza kama mlenda. Tairi la mbele kushoto likatumbukia mtaroni, la nyuma kulia likabaki linagusa ardhi kwa shida. Nikakanyaga mafuta, gari inanguruma, haisogei. Mdogo wangu akashuka na tochi, akaniambia, "Dada, yanazunguka mawili tu. La mbele kushoto na la nyuma kulia. Haya mengine yametulia kabisa." Vijana wanne wa bodaboda ndio waliotusukuma. Trei tatu zilipasuka.

Nikaenda kwa fundi. Akasikiliza, akasema 4WD ya gari hii imekufa, kwamba ingekuwa nzima matairi yote manne yangezunguka. Ushauri wake ni tutoe propela, ile shafti ndefu ya chini inayopeleka nguvu nyuma, gari ibaki inavuta mbele kama IST, na hapo hapo nitaokoa mafuta. Anataka elfu sitini.

Kwa kweli mafuta yananiumiza. Lakini moyo unasita. Kwani nguvu ya injini inagawanywaje hadi matairi mawili yale yapate na mengine yakose?

---

Mzee_wa_XTrail

Dada pole kwa mayai. Mimi nakuambia toa. Kaka yangu alitoa propela kwenye X-Trail yake mwaka juzi, anakwenda nayo Bagamoyo kila wiki na haijamsumbua. Hapa mjini 4WD ya nini? Lami kila mahali.

---

Difu_Gerezani

Dada Mayai, usitoe kitu bado. Nisome mpaka mwisho, nitaandika kirefu kwa sababu kosa hili nimelipokea mezani mara nyingi mno, gari imeshaharibiwa ndipo inaletwa. Kazi yangu ni difu na gia boksi, niko Gerezani mwaka wa 22 sasa.

Nianze na jambo moja ulilosema mwenyewe. Tairi la nyuma kulia lilikuwa linazunguka. Jiulize, nani alikuwa analizungusha? Injini yako imekaa mbele. Hakuna njia nyingine ya nguvu kufika nyuma isipokuwa kupitia ile propela. Kama 4WD ingekuwa imekufa, matairi ya nyuma yote mawili yangelala usingizi na la mbele kushoto lingezunguka peke yake. Mdogo wako na tochi yake alikupimia gari vizuri kuliko fundi wako. 4WD yako ni nzima.

Sasa swali lako la kugawanya nguvu, ambalo ndilo swali lenyewe.

Gari ikikata kona, tairi la nje linatembea njia ndefu kuliko la ndani. Chukua gari yenye upana wa mita moja na nusu kutoka tairi hadi tairi. Ukigeuza kurudi ulikotoka, nusu duara, tairi la nje litakuwa limetembea karibu mita 4.7 zaidi ya la ndani. Geuza kwa kubana au geuza kwa kuachia kiwanja kizima, ziada ni ile ile. Kama matairi mawili yangefungwa kwenye chuma kimoja, moja lingelazimika kujiburuza mita zote hizo. Ndiyo maana kuna difu. Mfaransa mmoja aliyekuwa fundi wa saa, Onésiphore Pecqueur, aliisajili kwa ajili ya gari la mvuke katika miaka ya 1820, kabla hata ya gari la petroli kuwepo. Mwalimu wetu pale VETA Chang'ombe alikuwa akisema jina hilo kwa heshima kama la babu yake, nami nimelishika hivyo hivyo.

Ndani ya difu kuna krauni na pinieni, gia zinazoingiza nguvu, na katikati vigia vidogo vinavyoshika shafti ya kushoto na ya kulia. Ili uvielewe vigia hivyo, mkumbuke muuza maji wa mzega. Madebe mawili, mti mmoja, bega katikati. Bega ndiyo injini. Kila debe linapata nusu ya kinachobebwa, na debe moja likipanda kidogo lingine linashuka, mti unazunguka begani bila shida. Hiyo ndiyo kona. Sasa toboa debe moja, maji yamwagike yote. Je, muuza maji ataweza kubeba lile lililojaa peke yake kwenye ncha moja ya mti? Hawezi. Mti unapinduka, debe zima linaanguka pamoja na lile bovu.

Difu ya kawaida ni mzega huo. Nguvu ya kuzungusha inayokwenda kushoto na kulia ni sawa, siku zote, hata gari ikiwa imekwama. Watu wanadhani tairi linaloteleza "limenyang'anya" nguvu yote. Halijanyang'anya. Tairi kwenye tope halina kitu cha kushika, kwa hiyo linahitaji nguvu kidogo sana kulizungusha, na mwenzake aliye pakavu anapewa kidogo hicho hicho. Kidogo hicho hakitoshi kusogeza gari yenye trei 80 mlimani. Kinachokwenda upande mmoja ni mwendo tu: lililotulia likisimama, lile lingine linazunguka mara mbili.

RAV4 yako ya 2003 ina mizega mitatu. Upo wa mbele kati ya tairi za kushoto na kulia. Upo wa nyuma. Na upo mkubwa wa katikati, ndani ya mwili wa gia boksi, unaogawa nguvu nusu kwa nusu kati ya mbele na nyuma, muda wote, hata ukiwa kwenye lami ya Sam Nujoma. Hiyo wanaiita fowili ya kudumu. Kungekuwa na mizega mitupu mitatu, tairi moja tu likiteleza gari nzima ingesimama. Kwa hiyo huo wa katikati umewekewa kishikizi, viskasi kapulingi. Ni kopo lililozibwa, ndani lina sahani nyembamba nyingi zenye matundu, nusu zimeshikana na upande wa mbele, nusu na upande wa nyuma, na zote zinaogelea kwenye mafuta mazito ya silikoni. Mbele na nyuma zikizunguka sawa, sahani hazina ugomvi. Mbele ikianza kuteleza na kukimbia peke yake, sahani zinakwaruza yale mafuta, yanapata moto, yanavimba, yanazishika. Mzega wa katikati unakuwa kama umefungwa kamba.

Alfajiri ile tairi la mbele kushoto liliteleza. Viskasi ikashika, nguvu ikafika nyuma. Lakini nyuma nako kuna mzega wake mtupu, na debe la kulia lilikuwa limetoboka, tairi limenyanyuka. Ndiyo maana yakazunguka mawili ya kukingama. Gari ilifanya kila ilichotengenezwa kufanya. Mtaro uliikuta kwenye mkao ambao haiuwezi.

Na ukitoa propela? Upande wa nyuma wa mzega wa katikati hauna kitu tena. Ni debe lisilo na kitako. Difu ya kati itataka kuzungusha lile shimo tupu badala ya matairi ya mbele. Gari itatembea kwa sababu viskasi inaburuza, yaani kile kishikizi cha dharura kitafanya kazi ya kubeba gari nzima kila dakika, kutoka Kinzudi hadi Kariakoo, kwenye foleni ya jua la saa saba. Kitaungua. Kikishaungua utakanyaga mafuta, injini itapanda, na gari itabaki palepale. Kopo lile halifunguliwi kutengenezwa, linabadilishwa, na ili kulifikia ni lazima gia boksi ishuke.

Mzee wa X-Trail, kaka yako hajakosea, na wewe hujadanganya. X-Trail haina mzega wa katikati. Ile inavuta mbele kama gari ya kawaida, na kule nyuma kabla ya difu kuna klachi ya umeme ambayo kompyuta inaibana pale tu mbele inapoteleza. Ndiyo maana ina swichi ya 2WD, AUTO na LOCK. Ukitoa propela unabaki na inayovuta mbele. Umejinyima kitu ulichokilipia, lakini hujaua gia boksi. Magari mawili yameandikwa 4WD, na ndani ni vitu viwili tofauti kabisa. RAV4 zilizofuata, kuanzia mwishoni mwa 2005, nazo zimehamia mtindo huo wa klachi. Kwa hiyo hata ukisikia mtu katoa propela ya RAV4 na anaendesha, muulize kwanza ya mwaka gani.

---

Mzee_wa_XTrail

Nimekuelewa fundi. Naondoa ushauri wangu. Sikujua kuna tofauti hiyo, na dada samahani.

---

Dereva_wa_Tipa

Fundi Difu ameongea haki. Niongeze la kwetu sisi wa kokoto. Tipa ninayoendesha ina ekseli mbili nyuma, na kuna swichi ya difuloki kwenye dashibodi. Kule machimbo ya Boko na Bunju wakati wa masika, tairi moja likianza kuimba kwenye tope nasimama kabisa, nabonyeza loki, nasubiri taa iwake, ndipo naondoka taratibu. Ule mti wa mzega unakuwa umepigiliwa msumari. Tairi zote zinalazimika kuzunguka pamoja, na aliye pakavu anabeba mzigo wote peke yake kama anaweza. Lakini ukisahau kuitoa ukaingia lami na kukata kona, utasikia gari inapiga kelele, inataka kwenda mbele hata usukani ukiwa umekata. Nilishamshuhudia mwenzangu akivunja shafti hivyo, akiwa na mzigo.

Na wenye Land Cruiser mkonga, zile za kuingiza fowili kwa mkono, kumbukeni hazina difu ya kati. Ukiweka H4 mbele na nyuma zimefungwa pamoja. Kwenye tope na mchanga ni raha. Kwenye lami kavu ni mateso ya gari, kwa sababu katika kona matairi ya mbele yanatembea njia ndefu kuliko ya nyuma, na hakuna wa kuwaachanisha. Ukiona gari inakuwa nzito, inajibana ukikata kona ya kuegesha, ujue umesahau H4.

Swali kwa fundi: dada huyu hana loki. Akikwama tena afanye nini?

---

Difu_Gerezani

Swali zuri sana mkuu.

La kwanza, debe lililotoboka ndilo la kuzibwa. Watu wanahangaika kuweka mawe chini ya tairi lililotulia kwa sababu linaonekana "halifanyi kazi". Lile liko sawa, lina mshiko, linasubiri kupewa. Weka mawe, matawi, mfuko wa mchanga au hata kapeti la gari chini ya lile linalozunguka. Ukilipa mshiko wa kilo hamsini, mwenzake naye anapokea hamsini hapo hapo. Kila unachompa dhaifu kinahesabika mara mbili. Hii naipenda kuliko kitu chochote kwenye difu.

La pili, gari ya otomatiki: weka L, ile gia ndogo ya nguvu, kanyaga mafuta kidogo sana kwa mguu wa kulia, na wa kushoto ukandamize breki taratibu. Breki inalipa kazi lile tairi linalozunguka ovyo, nalo likianza kuwa zito, nguvu inapanda kwa mwenzake pia. Magari mapya yanafanya hivi yenyewe kwa kompyuta ya ABS, yanakamata tairi moja moja, yanafanya kazi safi kuliko mguu wa mtu. Lakini mguu unasaidia. Sekunde chache tu halafu achia, breki na viskasi visichemke. Wenye magari yanayosukuma nyuma wanaweza kutumia hendibreki kwa hila ile ile, vidole viwili vitatu tu. Kwenye IST hendibreki haitasaidia kitu, inashika matairi ya nyuma ambayo hayavuti.

La tatu, tope si mahali pa kukanyaga mafuta kwa hasira. Tairi likishaanza kukimbia linachimba kaburi lake.

Dada, nakuomba unijibu: matairi yako yakoje? Yote manne ni ya namna moja?

---

Mayai_Kinzudi

Fundi nimesoma mara mbili, mara ya pili nikamsomea na mdogo wangu kwa sauti. Asante sana. Ule mzega nimeuona kwa macho, babu yetu alibeba maji hivyo Kariakoo kabla hatujazaliwa, mama anatusimulia hadi leo.

Matairi: ya mbele mawili nilinunua mapya miezi miwili iliyopita, 215/70R16. Ya nyuma ni ya zamani, saizi ile ile ila yamebaki karibu vipara. Nilifikiri kwa kuwa mbele ndiko kwenye injini na usukani, mapya yanafaa yakae huko, ya nyuma nitanunua mwezi ujao nikimaliza deni la chakula cha kuku. Na kuna kitu sikukisema. Nikikata kona kali sana ya kuegesha, gari inakuwa kama inashikwa kidogo. Si sana.

---

Difu_Gerezani

Nilihisi.

Tufanye hesabu, kalamu ninayo hapa. Tairi la saizi hiyo likiwa jipya lina kipenyo cha karibu milimita 707. Likilika milimita 5 za meno, kipenyo kinapungua milimita 10 kwa sababu limelika pande zote mbili. Jipya linazunguka mara 450 kwa kilomita, lililolika mara 456. Sita tu. Lakini nenda Morogoro, kilomita 190 na ushee, na matairi ya nyuma yatakuwa yamezunguka kama mara 1,200 zaidi ya ya mbele. Gari ya IST haijali. Yako ina kishikizi katikati ambacho kila kikiona mbele na nyuma hazizunguki sawa kinadhani umekwama kwenye tope, kinaanza kuchemka na kushika. Wewe uko kwenye lami umekaa kwa amani, chenyewe kiko kazini tangu Goba. Kufanya hivyo mwezi baada ya mwezi ndiko kunakoimaliza viskasi, inakuwa ngumu moja kwa moja, na gari inashikwa kwenye kona hata kama hakuna tope. Kule kushikwa unakokusikia ni mwanzo wake, au ni matairi tu. Badilisha kwanza matairi ya nyuma, hata kabla ya chakula cha kuku kama unaweza kuongea na mwenye duka. Halafu jaribu kona ile ile. Ikishikwa bado, njoo tuipime. Ikiacha, umepona.

Kuanzia hapo nunua manne kwa pamoja, na kila kilomita elfu kumi zungusha, ya mbele yaende nyuma, ya nyuma yaje mbele, yalike sawa. Upepo uwe ule ule uliobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, kwani tairi lenye upepo mdogo nalo ni tairi dogo.

Kuhusu mafuta, sitakuficha, fowili ya kudumu inakula zaidi ya inayovuta mbele, kuna vyuma vingi vya kuzungusha. Lakini gari yako inakaa saa nzima Mwenge na Morocco injini ikiwaka bila kusogea, na hapo propela haizunguki hata nusu duara. Angalia plagi, safisha throto, pima upepo wa matairi. Hapo utapata lita zako bila kuua gari.

Jambo la mwisho kwa leo: siku ikiharibika barabarani, bredauni wasiinyanyue mbele na kuburuza nyuma. Matairi ya nyuma yatazungusha propela, ya mbele yamesimama, na viskasi itapikwa ndani ya kilomita chache. Ipande yote juu ya gari la kubebea.

---

Mayai_Kinzudi

Narudi na majibu, wiki mbili zimepita.

Nilimwambia yule fundi sitatoa propela. Hakufurahi, ila tumeachana vizuri. Mwenye duka la chakula amenipa wiki tatu, nikanunua matairi mawili ya nyuma ya namba moja na ya mbele. Kona ya kuegesha haishikwi tena. Nimeijaribu asubuhi na jioni, baridi na moto, kulia na kushoto.

Na juzi mvua ilirudi. Mtaro upo pale pale. Nilimtuma mdogo wangu atangulie na tochi, nikapita upande wa juu ili matairi yote manne yakanyage. Katikati ya mlima la mbele kushoto likateleza, nikahisi, sikuongeza mafuta. Kama sekunde moja hivi, halafu nikahisi gari inasukumwa kutoka nyuma. Nilijua ni nini kinachotokea ndani yake. Trei 72, zote zimefika.

Fundi, naona difu ya nyuma ina unyevu wa oili pale chini. Haidondoki, ila vumbi limegandia. Nifanye nini?

---

Difu_Gerezani

Dada umenifurahisha, nimewasomea vijana wangu hapa banda zima.

Unyevu wa kugandia vumbi si wa kuogopa, ila pima kiasi cha oili. Gari iegeshwe sehemu tambarare, injini imezimwa. Kwenye difu ya nyuma kuna nati mbili, ya juu ya kujazia na ya chini ya kumwagia. Ingiza kidole kwenye tundu la juu, oili inatakiwa iguse ukingo wa chini wa tundu. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, mwaga uweke mpya, GL-5 ya 75W-90 au 80W-90, jaza mpaka ianze kuchuruzika yenyewe, funga. Na simama hapo hapo fundi anapofanya: mwambie afungue nati ya juu kwanza kabla hajagusa ya chini. Nimeshaletewa gari iliyomwagwa oili yote, halafu ya kujazia ikagoma kufunguka.